Pikipiki Isiyopiga Hodi

Siku ya kwanza, mkono wa kushoto ndio uliomsumbua. Mkono huo ulikuwa umezoea kazi moja, kubana klachi, na kwenye pikipiki ya umeme hakuna klachi. Mahali pake wameweka breki ya nyuma. Kila alipotaka kubadilisha gia ambayo haipo, alibana, na pikipiki ikasimama ghafla kama punda aliyeona nyoka. Mguu wa kushoto nao ukawa unapapasa, unakanyaga hewa. Kwenye taa za barabarani alidhani imezimika, akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kumbe ilikuwa inawaka muda wote. Ni yeye aliyeizima. Magari ya nyuma yakampigia honi mpaka akagundua.

Kituoni waendesha pikipiki wenzake walimwita Taratibu. Hakuwahi kugombania abiria wala kumjibu mtu kwa ukali, na akiongea ilibidi umsogelee ndipo usikie. Mambo yake aliyafanya hatua kwa hatua. Pikipiki yake ya zamani alijifunza kuitengeneza peke yake, kwa kuifungua na kuifunga, na kabla ya kununua hii ya umeme alikwenda dukani mara nyingi kuikagua, amepiga magoti kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka.

Aliinunua kwa ajili ya mama yake. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba viwili, na pikipiki ililala chumba cha mbele, kwa sababu ukiiacha nje hukuti hata kivuli chake asubuhi. Kitanda cha mama kilikuwa chumba hichohicho, nyuma ya pazia. Harufu ya petroli ilikuwa imeingia hadi kwenye shuka zake. Alfajiri pikipiki ilipowashwa, moshi ulizunguka dari kabla ya kutoka, na mama alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Daktari alimpima kifua, akauliza maswali machache kuhusu nyumba, akasema, "Usiponiondolea hiyo petroli humo ndani, unanipotezea dawa."

Ndipo Taratibu akaiuza pikipiki ya zamani kwa jamaa aliyekuwa anatafuta ya kubebea madumu ya maji ya kuuza, akapata ya umeme. Alikuwa ameridhika kabisa. Barabara nzima kutoka dukani aliwaza jinsi mama atakavyolala usiku.

Alifika nyumbani saa ya mchana, kama kawaida yake. Kila mchana alirudi kumpa mama chakula na dawa, kisha akarudi kazini. Jioni alimpitia mkewe kwenye chumba cha ushonaji alikofanya kazi, wakaja pamoja. Katikati ya saa hizo mama alikaa peke yake, mlango umefungwa kwa komeo la ndani.

Akagonga.

"Nani?" mama akauliza.

"Ni mimi, mama."

"Mimi ana jina?"

"Mwanao."

"Mwanangu ana pikipiki."

"Ninayo hapa, mama. Nimekuja nayo."

Alimsikia akisogea karibu na mlango, kandambili zikiburuta sakafuni.

"Mbona siisikii?" mama akasema.

Taratibu akatazama pikipiki yake mpya iliyosimama juani, imewaka, haitoi hata mguno. Akapiga honi, na honi yenyewe ilikuwa nyembamba, ya kitoto.

"Nenda kachezee kwenu," mama akasema, na kandambili zikarudi zilikotoka.

Mama alikuwa anasahau. Alianza na majina, akaenda kwenye siku, akafika kwenye nyuso. Siku nyingine alimtazama mwanawe mezani kama mtu anayemfananisha. Lakini sauti ya ile pikipiki hakuwahi kuikosea. Bomba lake la moshi lilipasuka zamani likachomelewa vibaya, na tangu hapo ilikuwa na kikohozi chake: tuku tuku, inanyamaza kidogo kama inayokata roho, halafu tuku. Taratibu alikuwa na mazoea ya kuingurumisha injini mlangoni kwa resi mbili fupi kabla ya kuzima. Mama akisikia hivyo alinyanyuka alipo, akavuta komeo, na mlango ulipofunguka alijua anayeingia ni nani. Ukiacha mkwewe, hakumfungulia mwingine yeyote. Wauza sufuria waligonga wakachoka. Jirani aligonga kuomba kiberiti, akajibiwa kwamba wenye nyumba hawapo. Kwa hiyo Taratibu na mkewe waliondoka asubuhi bila wasiwasi, wakijua mama hatatoka mpaka asikie anachokijua.

Mchana ule aliketi kwenye kizingiti, akamwita mkewe kwa simu. Mke alikuja kwa miguu, sindano bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni, akapaza sauti iliyozoea kushindana na cherehani: "Mama, nifungulie, jua linanichoma utosi."

Komeo likavutwa.

"Karibu mwanangu," mama akamwambia mkwewe. Kisha akamtazama Taratibu, kofia ngumu mkononi. "Na huyu uliyekuja naye?"

"Ndiye mume wangu, mama. Ndiye mwanao."

Mama akacheka kwa adabu, kama mtu aliyetaniwa na watu wasiomhusu, akamvutia kiti. "Keti baba. Mwenye nyumba hajarudi, lakini hachelewi."

Taratibu akaketi. Kile kilikuwa kiti cha wageni, na hakukumbuka kama aliwahi kukikalia.

"Atazoea," mkewe alimwambia walipotoka. "Hata mimi sijazoea. Nimekuona umesimama nayo kimya nikadhani umekuja unaisukuma."

Kituoni walimsubiri kwa hamu. Aliyeanza alikuwa Kengele, aliyepewa jina hilo kwa kuwa akianza kulia haachi.

"Jamani pisheni, Taratibu kaja na jokofu."

"Jokofu lina sauti," mwingine akasema. "Hiyo ni pasi."

"Basi abiria wake hawatanyoosha nguo tena."

"Mtakuja kuniomba chaja," Taratibu akasema.

"Umesema?" Kengele akaweka kiganja sikioni. "Mnaona balaa hili? Atamgonga mtu, atamwomba radhi, na yule mtu hatakuwa amesikia chochote, si pikipiki, si mwenyewe."

Wakacheka, na yeye akacheka. Utani huo haukumuumiza. Pikipiki ilikuwa nzuri, ukweli ulikuwa huo. Ilipanda mlima wa hospitali na abiria mnene bila kulalamika. Haikuunguza mguu wa mtu. Jioni alipoishika haikuwa na joto, na mikono yake haikuwa na ule mtetemo uliokuwa unaendelea viganjani hata baada ya kunawa.

Lakini alianza kusikia mambo. Zamani abiria alikuwa mzigo wenye uzito. Sasa alikuwa na maneno. Alimbeba mwanamume aliyemwambia mkewe kwenye simu kwamba yuko kazini, huku wakiwa wanakwenda upande mwingine kabisa wa mji. Alimbeba mama mmoja aliyelia kutoka sokoni hadi geti la hospitali, kilio cha ndani kwa ndani ambacho ile ya zamani ingekimeza. Taratibu akapunguza mwendo.

"Endelea tu kaka," yule mama akasema. "Ni mambo ya nyumbani."

Na watu walikuwa wanamkatizia njia barabarani. Hakujua zamani kwamba watu huvuka kwa masikio. Walikuwa wanashuka tu kwenye kingo bila kugeuza shingo, na yeye anabana breki zote mbili, nao wanamtazama kama mzuka.

Nyumbani mama hakuzoea. Mke alilazimika kuacha kazi kila mchana kuja kufungulisha mlango kwa sauti yake, na bosi wake akaanza kumhesabia saa. Taratibu akatafuta njia. Alitoboa tundu dogo mlangoni, akapitisha waya uliofungwa kwenye komeo, akaujaribu asubuhi mkewe akiwepo. Ulivuta vizuri. Alijisikia fundi.

Mchana akaja peke yake, akavuta waya. Komeo likateleza, mlango ukafunguka, na mama aliyekuwa ameketi kitandani akaona komeo likijifungua lenyewe na mtu mwenye kofia ngumu akiingia bila sauti.

"Mwizi," mama akasema, kwanza kwa sauti ya kawaida, kama anayetaja kitu. Kisha akapaza. "Mwizi. Mwizi jamani."

Neno hilo halihitaji kurudiwa. Majirani walitoka na mchi, na fimbo za kuanikia nguo, na mmoja alitoka na tofali. Taratibu akainua mikono, akaongea, na kama kawaida hakuna aliyemsikia. Kilichomwokoa ni jirani yule wa kiberiti, aliyempita mwenye tofali na kumng'oa kofia kichwani.

"Mna wazimu? Huyu ni shemeji."

Wakashusha silaha zao wakiwa na haya. Mwenye tofali hakuondoka mara moja. "Pole sana ndugu yangu," akasema, "lakini na wewe, mtu anaingiaje kwake kimya hivyo?"

Jioni hiyo mume na mke walizungumza nje, karibu na ndoo za kufulia.

"Tununue kufuli tufunge kwa nje," Taratibu akasema. "Akiwa ndani hakuna wa kumsumbua."

"Mama si mbuzi," mkewe akajibu. "Moto ukiwaka?"

"Sasa tufanye nini?"

"Utoe waya wako. Nitakuja mchana mimi, bosi aseme atakavyo. Mama hatoki. Hajawahi kutoka. Hilo tunalo."

Alifikiri, akaona mkewe yuko sahihi. Akang'oa waya, akaziba tundu kwa gundi na vumbi la mbao. Hapo wote wawili walisahau jambo moja, na si ajabu kulisahau, kwa kuwa lilikuwa limeondoka nyumbani: sauti inayovuta lile komeo ilikuwa bado iko mjini, na haikuwa yao tena.

Muuza maji kwa kawaida alifanyia kazi ng'ambo ya barabara kuu. Wiki ile bomba la ndani ya uchochoro wao lilikauka, na mtu mmoja wa uchochoro huo akamwagiza madumu. Alikuja asubuhi iliyochangamka, akashusha madumu yake nyumba ya tatu kutoka kwa akina Taratibu, akawasha pikipiki, na kwa kuwa ilikuwa inakohoa sana akaipiga resi mbili isije ikazimika. Akaondoka.

Jirani alikuwa anaanika nguo. Baadaye alieleza kwamba alisikia komeo, akageuka, akamwona mama mlangoni na tabasamu ambalo hakuwa ameliona siku nyingi. "Ameshafika?" mama alimuuliza. Kabla jirani hajajibu, mama alikuwa ameshuka kizingiti, anaifuata ile sauti. Jirani aliacha nguo, akakimbia kuchukua kandambili na simu. Aliporudi uchochoro ulikuwa mtupu, akampigia simu Taratibu.

Taratibu alikuwa na abiria. Akamshusha palepale barabarani bila kuchukua nauli, akageuza. Aliikimbiza kuliko alivyowahi, na haikumwonyesha kama inakimbia. Ni upepo tu na namba za kwenye kioo. Watu hawakumpisha. Alipiga ile honi ya kitoto wakatazama chini, wakitafuta mtoto. Ikabidi aite kwa mdomo, "Njia, naomba njia," na koo likamkauka haraka, maana halikuzoea.

Alimkuta karibu na bomba kubwa la maji, mahali uchochoro unapokutana na barabara kuu. Mtaro wa hapo hauna mfuniko. Muuza maji alikuwa amesimama kujaza madumu, injini ameiacha inawaka kwa kuwa ilikuwa ngumu kuwaka, na mama, akiona pikipiki imesimama ng'ambo ya mtaro, alikwenda moja kwa moja.

Alikuwa bado ndani ya mtaro, amekaa kwenye tope, mguu mmoja umegeukia upande ambao mguu haugeukii. Muuza maji alikuwa ameshuka humo, suruali imelowa hadi magotini, anamshikilia mabega asiinuke. Juu yao ile pikipiki ilikuwa inaendelea: tuku tuku, kimya, tuku.

"Nimekuita, husimami," mama alikuwa anamwambia muuza maji. Sauti yake haikuwa na lawama. "Unakwenda tu."

"Nisamehe mama," muuza maji akasema. Alikuwa analia. "Sikukusikia."

"Si kitu mwanangu. Umeshasimama."

Taratibu akaiacha pikipiki yake ianguke, akaruka ndani ya mtaro. "Mama."

Mama akamtazama, tope kwenye nyusi, akamnyooshea mkono kumzuia kwa upole. "Ngoja kwanza baba. Naongea na mwanangu."

Ilikuwa nyonga, imevunjika. Daktari alisema mifupa ya umri ule haiungi vizuri, akaonyesha picha kwenye mwanga, akasema watamfanyia watakachoweza. Walimfanyia, wakamrudisha nyumbani akiwa wa kulala kitandani tu. Kifua kilikuwa kimepoa. Hakukohoa hata mara moja, na shuka zake zilinukia sabuni. Mke wa Taratibu aliacha kazi ya ushonaji, akaleta cherehani ndani, akaiweka pale ilipokuwa inalala pikipiki ya zamani.

Mama hakuwa msumbufu. Alikula kidogo, akameza dawa, akashukuru. Ila kila mchana, saa ileile, aligeuza uso kuelekea mlangoni na kuuliza, "Hajarudi?" Na jioni tena. Kisha akaanza kukataa chakula cha mchana, kwa maelezo kwamba atakula na mwanawe akifika. Alipungua mpaka pete ikamtoka kidoleni yenyewe.

Taratibu alikaa na jambo hilo, akaligeuza upande huu na ule, na siku moja akaenda kumtafuta muuza maji. Alimkuta kwake anasuuza madumu.

"Sikuja kwa ugomvi," akaanza.

"Hata ungekuja kwa ugomvi ningekupisha," muuza maji akasema, akamfutia kigoda. "Mama anaendeleaje?"

"Yupo. Nina ombi. Mchana, ukiwa na nafasi, pita kwangu. Usishuke. Piga resi mbili tu mlangoni, ale."

Muuza maji aliweka dumu chini.

"Kaka," akasema, "siku ileile nilitoka hospitali nikaenda moja kwa moja kwa fundi. Nilimwambia sitaki kuisikia tena ile sauti. Nilimwona mama kila ilipokohoa. Akabadilisha bomba, akafungua injini, akairekebisha."

"Bomba la zamani liko wapi?"

"Limekwenda na wa vyuma chakavu."

Akainuka, akaiwasha ili mwenzake asikie mwenyewe. Iliwaka mara moja, bila kubembelezwa, ikanguruma vizuri, laini, kama pikipiki yoyote barabarani.

"Nilidhani nafanya jema," muuza maji akasema.

"Umefanya jema," Taratibu akamjibu, na alimaanisha. Hakuona mahali pa kuweka kosa. Alimpa mkono, akaondoka.

Mchana wa kesho yake alifika nyumbani, akaisimamisha pikipiki ya umeme chini ya dirisha. Uchochoro haukuwa na mtu isipokuwa jirani na nguo zake. Alivua kofia ngumu, akajikohoza, akasogea karibu na mlango. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi za kwanza, na kuna mambo mtu mzima hayafanyi mbele ya watu. Akabana midomo.

Tuku tuku, akafanya. Akanyamaza kidogo, kama inayokata roho. Tuku.

Jirani aligeuka, kisha akageukia tena kamba yake ya nguo na hakutazama tena.

Taratibu alirudia mpaka mate yakamtoka. Alipofikia resi mbili fupi, cherehani ndani ikakoma. Halafu akaisikia sauti ya mama, nyembamba lakini yenye uhai: "Mwanangu, pakua. Amefika."

Mkewe ndiye aliyemfungulia. Alikuwa amefunika mdomo kwa kitambaa alichokuwa anashona. Taratibu akaingia na kusimama mbele ya kitanda, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi macho ya mama yalikuwa maangavu, yameelekea mlangoni. Yalimpitia yeye, yakaendelea nyuma yake, yakasubiri.

"Baba," mama akasema kwa adabu ileile, "nikuombe usogee kidogo. Umemzibia mtu njia."

Taratibu akasogea. Akavuta kiti cha wageni hadi ubavuni mwa kitanda, akaketi, akapokea bakuli kutoka kwa mkewe. Akachota kijiko, akakipeleka, na mama akafungua kinywa bila kuacha kuutazama mlango. Alikula vizuri siku hiyo. Walikaa hivyo mpaka bakuli likaisha, mlango uko wazi, wote wawili wakitazama upande mmoja.